Kokwet na Serikali: Historia ya Kujitawala Katika Nchi ya Chai

Kabla ya 1905: Baraza la majirani

Kabla Waingereza hawajafika kwenye vilima ambavyo leo vimefunikwa na chai, kuanzia Kericho na Belgut hadi Sotik na Bomet, Wakipsigis hawakuwa na mfalme, chifu wala mtoza kodi. Mgeni aliyetafuta kasri au kiti cha enzi angeondoka akidai kwamba watu hawa wanaishi bila utawala, na wapo maafisa wa kikoloni walioandika hivyo. Utawala ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kokwet, baraza la majirani waliokaa mwinuko mmoja au bonde moja, waliochunga pamoja na kusaidiana kulima.

Majirani hao hawakuwa wa ukoo mmoja. Koo za Kipsigis zilikuwa zimetawanyika nchi nzima, kwa hiyo mtu aliyesimama kusema mbele ya kokwet alisema na watu ambao hakuzaliwa nao, ila alilazimika kuishi nao. Hapo naona mzizi wa kila kitu kitakachosimuliwa hapa. Kujitawala kwa namna hii kulijengwa juu ya ujirani, na ujirani hauulizi nasaba.

Kikao kilikaa chini ya mti. Kila mwanamume aliyetahiriwa aliruhusiwa kusema, na mwenye shauri alisikilizwa hata kama jua lingetua. Mzee wa kokwet hakutoa amri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatamka kile ambacho kikao kilikuwa kimekifikia. Aliyekosa alilipa kwa mifugo, na aliyekataa kulipa alitengwa na majirani au akaogopa laana ya wazee. Mashauri mazito, yaliyohusu vilima vingi, yalipelekwa kwa mwamuzi aliyejulikana kwa hekima, kiruogindet, naye pia alitegemea heshima aliyopewa na watu kwa sababu hakuwa na askari wa kumtekelezea hukumu.

Mfumo huo ulikuwa na upungufu mkubwa. Wanawake hawakuketi humo kama wasemaji. Waliitwa kutoa ushahidi, wakaondoka, na hatima ya mashamba waliyoyalima kwa mikono yao ikaamuliwa na wengine. Nimeona wengi wakiisifu kokwet kana kwamba ilikuwa demokrasia kamili. Haikuwa hivyo, na athari za kasoro hiyo bado tunaishi nazo.

Karibu mwaka 1890, Wanandi walipomuua mwonaji wao Kimnyole arap Turukat, mwanawe Kipchomber arap Koilegen alihamia kwa Wakipsigis, akawa orgoiyot wao, mtu wa ukoo wa Talai aliyebariki vita na kutabiri mvua. Ndugu yake Koitalel arap Samoei alibaki Nandi. Waonaji hao walikuwa na nguvu kubwa, lakini kesi za mipaka na mahari zilibaki mikononi mwa majirani.

1905 hadi 1914: Dola inaingia kwa bunduki

Watu wa Sotik walikutana na nguvu ya serikali mwezi Juni 1905. Vijana wao walikuwa wamewashambulia Wamaasai karibu na Naivasha na kuchukua ng'ombe, wanawake na watoto. Wakuu wa kikoloni walidai mateka na mifugo virudishwe, na Wakipsigis wakakataa. Jeshi likatumwa chini ya Meja Pope-Hennessy, likiwa na bunduki za Maxim. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 1,850 waliuawa. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Oktoba 1905, huko Nandi, Kapteni Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel kwenye mkutano ulioitishwa kwa jina la amani.

Tunapouliza kwa nini wazee wa Bomet na Kericho huliangalia tamko la serikali kwa jicho la kungoja, tuanzie hapo. Serikali haikuja kuomba ridhaa. Ilitokea siku moja na kuua, na siku iliyofuata ikaanza kuhesabu vibanda ili itoze kodi.

Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake wawili walikamatwa na kuhamishiwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na Nyeri. Kipchomber alifia uhamishoni mwaka 1916.

Machifu wa kubandikwa

Sheria ya 1902 ya wakuu wa vijiji, na ile ya 1912 ya mamlaka ya wenyeji, ziliweka chifu mahali ambapo hapakuwahi kuwa na chifu. Mtu huyo aliteuliwa na mkuu wa wilaya, akalipwa mshahara, akapewa askari wa kumsaidia kukusanya kodi na vibarua. Kwa mara ya kwanza kilimani palikuwa na mtu ambaye mamlaka yake hayakutoka kwa majirani zake.

Kokwet haikufa. Ilijificha. Kesi ambazo watu hawakutaka mzungu azijue ziliendelea kuamuliwa chini ya mti, na zile zilizohitaji mhuri zikapelekwa kwa chifu. Sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1913 ilizidisha pengo hili kati ya kokwet na chifu, kwani ilimtoza mwizi mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na faini za pamoja ziliwaangukia watu wa eneo zima. Kwa wazee, wizi wa ng'ombe ulikuwa shauri la fidia na suluhu. Sasa ulikuwa jinai ya Taji, na majirani wasiokuwa na hatia waliporwa mifugo yao kihalali. Haishangazi kwamba watu waliacha kutoa habari kwa polisi.

Mwaka 1924 yaliidhinishwa mabaraza ya wenyeji ya wilaya. Mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Chai, na safari ya Gwassi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliwapa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka baada ya muda mfupi na mpango ukafilisika. Ardhi ile haikurudishwa kwa wenyewe. Kuanzia 1924 na 1925 iliingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Kaburi la babu likawa shamba la kampuni, na njia ya ng'ombe kwenda kwenye chumvi ikazibwa.

Wakipsigis wengi walikataa kuchuma chai ya mzungu. Walikuwa bado na mahindi na mifugo yao, na hawakuona sababu ya kuishi kambini. Kwa hiyo makampuni yaliajiri watu kutoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza na Magharibi, yakawajengea vibanda vya safu ndani ya mashamba. Jambo hili la miaka ya 1920 lilizaa jamii mbili zilizopakana bila kukaa baraza moja. Upande mmoja palikuwa na kilima chenye kokwet. Upande wa pili palikuwa na kambi yenye msimamizi. Hakuna aliyefikiri wakati huo kwamba ukuta huo ungekuja kumwaga damu.

Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa waonaji, ikauhamisha ukoo mzima wa Talai kutoka Kericho, watu karibu 700 pamoja na wanawake na watoto, hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Huko palikuwa na malaria na mbung'o. Wengi walikufa, na mifugo iliteketea. Waliorudi mwaka 1962 walikuta ardhi yao imekwishagawanywa, na baadhi ya vizazi vyao wameishi hadi leo kwenye vipande finyu pembezoni mwa mji wa Kericho. Serikali iliyoweza kuuhukumu ukoo mzima bila kumshtaki mtu mmoja mmoja ilikuwa imekwisha kuaga haki.

Miaka ya 1930 hadi 1950: Uzio na vinu

Kipindi hiki huandikwa kwa haraka katika vitabu vingi, nami nataka kukaa nacho kidogo, kwa sababu ndicho kinachoonyesha uwezo wa watu hawa wakiachwa wenyewe.

Kambi za chai zilihitaji posho. Wakipsigis wakanunua majembe ya kukokotwa na maksai, wakalima mahindi na kuyauza. Shamba la jembe la ng'ombe linahitaji mpaka, na ardhi ilikuwa ya malisho ya wote. Basi watu wakaanza kuzungushia viwanja vyao uzio. Hapakuwa na sheria iliyowaagiza, wala mpima ardhi aliyetumwa. Kazi ya kusuluhisha wapi mpaka upite, nani apate mto, na mjane abaki na kipande gani, ilifanywa na kokwet kilima kwa kilima, kwa miaka ishirini hivi. Mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao serikali iliutangaza kama mapinduzi ya kumilikisha Waafrika ardhi, uliwakuta Wakipsigis wamekwisha kujimilikisha.

Vivyo hivyo na vinu. Watu walichanga fedha, wakachimba mifereji, wakajenga vinu vya kusagia mahindi vinavyoendeshwa na maji ya mito ya Kericho na Bomet. Wenye hisa walikutana, wakagawana faida, wakagombana na kusuluhishana.

Lakini uzio ulikuwa na upande wake wa giza. Waliokuwa na sauti kwenye baraza walizungushia zaidi. Wanawake hawakuzungushia kwa jina lao. Hati miliki zilipokuja baadaye ziliandikwa kwa jina la mume, na kosa la kokwet likapigwa mhuri na dola.

1963 hadi 1992: Uhuru wenye chifu yule yule

Bendera ilibadilika mwaka 1963. Chifu hakubadilika. Sheria ya mamlaka ya machifu, urithi wa mkoloni, iliendelea kumpa mtu mmoja uwezo wa kukataza mkutano, kuagiza kazi na kumkamata raia, hadi mageuzi ya 1997 yalipoipunguza makali. Mkuu wa wilaya aliendelea kuishi kwenye nyumba ya kilimani na kuteuliwa Nairobi.

Hata hivyo, miaka ile ilikuwa na matumaini ya kweli. Shule za harambee zilijengwa kwa mchango wa ng'ombe na mahindi. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na wakulima wadogo waliokuwa wamekatazwa chai kwa sehemu kubwa ya ukoloni wakapanda vichaka vyao wenyewe kando ya nyumba. Viwanda vikainuka Litein, Kapkatet na Mogogosiek. Mwaka 1978 Daniel arap Moi, Mkalenjin kama Wakipsigis, alipokuwa rais, wengi waliona kwamba serikali hatimaye imekuwa yao.

Imani hiyo iliwagharimu. Serikali ikiwa ya ndugu yako, kuihoji kunaonekana usaliti. Mwaka 1988 uchaguzi wa mlolongo uliwapanga wapiga kura nyuma ya wagombea hadharani, na aliyekuwa na mstari mfupi aliweza kutangazwa mshindi. Kuanzia mwisho wa 1991 na kuingia 1992, wakati Kenya ikirudi kwenye vyama vingi, mapigano ya kikabila yalizuka mpakani mwa Nandi na kuenea hadi Kipkelion na Londiani. Majirani wa miaka thelathini walichomewa nyumba. Tume ya Jaji Akiwumi ilieleza baadaye jinsi wanasiasa na maafisa wa utawala walivyochochea au kuzembea. Kokwet, iliyozaliwa ili watu wasio ndugu waishi pamoja, ilinyamaza, na mahali pengine wazee wake walitumiwa kupanga vijana.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, ng'ambo ya mpaka, watu waliochoka na polisi walikuwa wameanza kujilinda wenyewe. Katika Shinyanga na Tabora, Tanzania, sungusungu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, nalo lilifaulu sana. Pia liliua watu kwa tuhuma za uchawi. Baadaye jina hilo likaingia Kisii, jirani wa Bomet, pamoja na mema na mabaya yake. Baraza lisilompa mshtakiwa nafasi ya kujitetea linaweza kuwa katili kuliko mahakama yoyote ya mkoloni.

Januari 2008

Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini kabla ya mapatano ya Februari 2008. Hapa kwenye nchi ya chai, vijana waliokuwa wamepoteza imani kabisa na tume ya uchaguzi, polisi na mahakama walichukua mamlaka mikononi mwao. Waliingia kwenye kambi za mashamba ya makampuni na kuwashambulia wafanyakazi wa makabila mengine, wakachoma vibanda, wakaua na kubaka. Zaidi ya 200 kati ya walionusurika walipeleka kesi London dhidi ya Unilever, mmiliki wa shamba wakati huo, wakidai haikuwalinda. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwakatalia mwaka 2018.

Nalitamka hili wazi kwa sababu nawapenda watu wa vilima hivi. Siku zile serikali iliwaangusha wote. Lakini waliovamia kambi hawakuwa wakijitawala. Walirithi mpaka uliochorwa na makampuni miaka ya 1920, mpaka kati ya kilima na kambi, wakaulinda kwa panga. Mchumaji kutoka Kisii aliyeishi miaka ishirini kando ya kilima alikuwa jirani kwa kila kipimo ambacho kokwet ya kale ingekitumia.

2010 hadi 2024: Kaunti

Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, Bonde la Ufa kwa jumla lilikataa katiba mpya, na Kericho na Bomet hazikuwa tofauti. Katiba ilipita kitaifa. Ndiyo iliyotamka kuwa mamlaka yote ni ya wananchi, ikaweka kujitawala miongoni mwa malengo ya ugatuzi, na ikapunguza ukodishaji wa ardhi kwa wageni kutoka miaka 999 hadi isiyozidi 99. Waliosema La ndio waliopata serikali mbili za kaunti mwaka 2013.

Walizikumbatia haraka. Gavana wa kwanza wa Bomet, Isaac Ruto, akiwa mwenyekiti wa Baraza la Magavana, aliongoza mwaka 2014 kampeni ya Pesa Mashinani iliyotaka kaunti zipewe asilimia 45 ya mapato ya taifa badala ya kiwango cha chini cha asilimia 15. Haikufika kwenye kura, ila iliweka swali la fedha mdomoni mwa kila mtu sokoni. Huko Kericho, Gavana Paul Chepkwony aliibeba kesi ya Talai na waliopokonywa ardhi. Tume ya Taifa ya Ardhi iliunga mkono madai yao mwaka 2019, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2022 shauri likapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa 2023 alieleza majuto kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi.

Kisha imani ikaanza kuchuja tena. Mwaka 2018 serikali iliwaondoa maelfu ya watu kwenye msitu wa Maasai Mau, wengi wao wenye asili ya Bomet na Kericho, na baadhi wakiwa na hati zilizotolewa na serikali hiyo hiyo. Mei 2023, wachumaji na vijana walichoma mashine za kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakilia kwamba ajira zinaisha bila yeyote kuwauliza. Uchaguzi wa urais wa 2022 ulikuwa umempa William Ruto, Mkalenjin kama Moi, zaidi ya asilimia 90 ya kura za kaunti hizi, na bado Juni 2024 vijana waliandamana mjini Kericho kupinga Muswada wa Fedha, sawa na wenzao wa Nairobi. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko maandamano ya mji wowote mwingine. Watoto wa nchi ya chai waliihoji hadharani serikali ya ndugu yao.

Oktoba 2024, wawakilishi 31 kati ya 47 wa Bunge la Kaunti ya Kericho walipiga kura kumwondoa Gavana Erick Mutai. Seneti iliitupa hoja kwa sababu theluthi mbili haikutimia. Raia wengi walifuata kisa hicho kwenye simu, wakasema kwa hasira kwamba wakubwa wanalindana. Hasira hiyo naielewa, ingawa theluthi mbili ni theluthi mbili.

Kiwanda

Mahali ambapo kujitawala kunapimwa kila mwaka bila sherehe ni kiwandani. Mwaka 2000 KTDA iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima, na kila mkulima mwenye hisa ana kura ya kumchagua mkurugenzi wa kiwanda chake. Sheria ya Chai ya 2020 ilikuja kwa sababu wakulima walilalamika kwamba kura hizo zilikuwa zimetekwa. Na bado bonasi ya wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, na kila inapotangazwa watu hufunga vituo vya kununulia majani na kupiga kelele. Kelele ni haki yao. Lakini mkutano mkuu wa kiwanda, ambapo mahesabu husomwa na wakurugenzi huweza kuondolewa, haupati umati kama ule wa barabarani. Na humo, kama kwenye kokwet ya zamani, anayepiga kura ni mwenye jina kwenye daftari, huku mkewe aliyechuma majani tangu alfajiri akiwa nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Konoin, Bureti, Ainamoi na kwingineko mambo matatu. Andikeni jina la mwanamke kwenye namba ya mkulima na kwenye hati ya shamba. Mwalikeni mchumaji wa kambini kwenye baraza la kilima, aseme na asikilizwe. Na mwezi Februari, karatasi ya mwelekeo wa fedha inapopelekwa kwenye bunge la kaunti, nendeni kwenye ushirikishwaji wa umma mkiwa wengi na mkiwa mmeisoma, kwa sababu ikifika tarehe 30 Juni bajeti inakuwa imepitishwa na fedha za mwaka mzima zimekwisha kugawanywa.